Kompyuta Mbili za Dirishani

Kitambaa ndicho kilichomwonyesha. Kila asubuhi alifuta kompyuta sita za chumba cha katalogi, akianzia mlangoni na kumalizia dirishani, na siku hiyo alipokikunjua kitambaa ili akisuuze, aliona kina rangi mbili. Upande aliofutia kompyuta nne za mlangoni ulikuwa na vumbi jepesi tu, kama la juu ya kabati. Upande aliofutia mbili za dirishani ulikuwa mweusi kwa mafuta ya vidole.

Mambo yalipaswa kuwa kinyume chake. Za mlangoni zilikuwa mpya, nyembamba, zimeletwa mwanzoni mwa mwezi baada ya mkuu wa maktaba kuziombea kwa barua miaka miwili mizima. Za dirishani zilikuwa zimezeeka kiasi cha kuamkiwa shikamoo. Ukiziwasha unaweza kufagia chumba kizima, ukarudi ukazikuta bado zinakohoa.

Alikisuuza kitambaa, akakianika, na hakumwambia mtu. Hiyo ilikuwa kama kazi yake ya pili baada ya usafi, kutomwambia mtu. Pale maktaba walimwita Kimya. Mlinzi wa getini alikuwa akiapa kwamba mwaka umepita tangu binti huyu aanze kazi na mpaka leo hajui sauti yake ni nyembamba au nene.

Kimya aliishi na shangazi yake, dada wa baba, na shangazi ndiye aliyemtafutia hiyo kazi. Shule aliiacha darasa la tano, mama yake alipougua na nyumba ikakosa mtu wa kumwogesha mgonjwa. Mama alipopona, wanafunzi wenzake Kimya walikuwa wameshavuka, na yeye miguu yake haikuingia tena chini ya dawati. Akaona haya kurudi. Miaka ikapita hivyohivyo, na pale maktaba watu wakachukulia tu kwamba mfagizi hajui kusoma, naye hakuwasahihisha.

Shangazi mwenyewe alikuwa mkutubi wa katalogi kwa miaka ishirini na miwili. Kila kitabu kilichoingia kilipita mikononi mwake; yeye ndiye aliyeandika kwenye kompyuta jina lake, mtunzi wake, kinahusu nini na kinakaa rafu gani, ili msomaji akikitafuta akione, abonyeze kitufe cha "Agiza", kisha akakichukue kaunta. "Kitabu ambacho sijakiandika mimi," alipenda kusema, "bado hakijazaliwa." Alikuwa mnene, mwepesi wa ulimi, na mgonjwa wa pumu. Dawa yake ya kuvuta haikukosekana mkobani.

Jumatatu ya wiki iliyofuata Kimya alikuwa anamwaga kikapu cha taka ofisini kwa shangazi, mkuu wa maktaba akaingia na karatasi mkononi. Mkuu alikuwa mdogo kwa shangazi kwa miaka kumi, kwa hiyo alimwita dada hata siku alizokuja kumkaripia.

"Dada, maagizo yameanguka."

"Yameanguka wapi tukayaokote?"

"Sitanii. Mwezi uliopita mia tatu na kumi. Mwezi huu tuko tarehe ishirini na tatu, yamefika themanini na nane. Na wale wanaoagiza kwa simu kutoka nyumbani wameyeyuka kabisa."

"Watu wameacha kusoma?"

"Wanaingia vilevile, mlinzi anawahesabu. Ila hawaagizi." Mkuu akaketi bila kukaribishwa. "Bodi inasema labda katalogi imeandikwa vibaya, watu hawaoni wanachotafuta. Wanataka kazi hiyo wapewe watu wa nje. Wewe ushuke ghalani, ukasimamie vitabu vya zamani."

Shangazi akacheka, na cheko likageuka kikohozi. Ghala lilikuwa chini ya jengo, halina dirisha, na vumbi lake lilikuwa la miaka arobaini. Wakati wa kuhesabu vitabu, miaka mitatu nyuma, shangazi alikaa humo siku tano, kisha akakaa hospitali siku nne.

"Ukinipeleka kule, bibie, uandae na kadi ya rambirambi," akasema alipopata pumzi. "Andika kabisa, mwandiko wako mzuri."

"Usinifanye mimi mbaya. Nimewaomba mpaka mwisho wa mwezi. Nimesema tatizo si wewe, ni kompyuta za zamani." Akafungua daftari la malalamiko. Utaratibu wa maktaba ulikuwa kwamba msomaji mwenye shida anaandika namba ya kompyuta na shida yenyewe. "Sikiliza. Namba tano ni nzito. Namba sita ina foleni. Namba tano imeganda. Foleni namba tano. Kurasa tatu, dada, na zote ni tano na sita. Moja mpaka nne hazijalalamikiwa hata mara moja."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Ijumaa tano na sita zinatoka. Zikitoka, maagizo yatapanda, na bodi itanyamaza."

Kimya alisikia yote hayo akiwa ameinamia kikapu. Mkono wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Hapa lazima lisemwe jambo ambalo yeye hakulisema. Kila asubuhi, dakika ishirini kabla mlango haujafunguliwa, Kimya aliketi mbele ya kompyuta namba tano na kuagiza kitabu. Shangazi alikuwa amempa kadi yake ya maktaba kwa sababu ndiyo iliyofungua mlango wa chumba cha katalogi. Kadi hiyohiyo ndiyo ya kuazimia. Mchana alipita kaunta, akaonyesha kadi, na karani akampa kitabu akidhani ametumwa na shangazi yake. Vilikuwa vitabu vya shule. Alianza na hesabu za darasa la tano, pale alipoachia, na sasa alikuwa kwenye sayansi ya darasa la sita. Alisoma chooni, stoo ya mafagio, na nyumbani chini ya shuka. Kanuni ya maktaba ilisema wafanyakazi wa usafi hawagusi kompyuta za wasomaji isipokuwa kwa kitambaa.

Alipojaribu mara ya kwanza, mwanzoni mwa mwezi, hakuanza na namba tano. Alianza na namba moja, mpya, iliyowaka upesi kama taa. Akakiona kitabu, akaona jina lake, akaona rafu yake, na kitufe cha "Agiza" hakikuwepo. Akajaribu namba mbili, ya tatu, ya nne. Nafasi ya kitufe ilikuwa nyeupe tupu. Akahamia dirishani akiwa amefedheheka bila kuonwa na mtu, na kule kitufe kikaonekana.

Jumanne alikuja fundi wa kompyuta. Wao walimwita Zimawasha, kwa sababu tiba yake ya kwanza kwa kila ugonjwa ilikuwa hiyo: zima, washa. Alikuwa mtu mrefu, mwenye haraka, na aliongea na mashine kuliko na watu.

"Mkuu anataka nihakikishe hizi mpya ni nzima," alimwambia shangazi. Akakaa mbele ya namba moja, akaingiza jina lake la kazi na neno la siri, akafungua katalogi. "Haya, mama mkutubi, kitufe hiki hapa. Nabonyeza. Agizo limekwenda. Namba mbili hiyohiyo. Zinaruka kama panzi."

"Sasa mbona watu hawaagizi?"

"Watu ni tatizo la mkuu. Mimi natibu mashine."

"Na hizi mbili?"

Zimawasha akaziangalia za dirishani kwa huruma. "Hizi hata toleo jipya la kivinjari hazipokei, yaani ile programu inayofungua kurasa. Kwenye hizi mpya kinajisasisha chenyewe kila mwezi. Hizi zimeganda palepale zilipozeekea. Ijumaa nitakuja na mkokoteni."

Kimya alikuwa amesimama nyuma yao na ndoo. Alikiona kitufe kwenye kioo cha namba moja, waziwazi, kimemtokea Zimawasha ilhali yeye hakikumtokea. Kumbe kweli, akawaza. Kumbe kweli inachagua.

Angebaki na wazo hilo mpaka leo kama si mshonaji.

Mshonaji alikuwa msomaji wa kila wiki, mama mwenye tepu ya kupimia shingoni hata akiwa mapumzikoni, aliyekuja kutafuta vitabu vya mitindo ya nguo. Jumatano mchana alikuwa wa nne kwenye foleni ya namba tano. Kwenye namba moja mpaka nne hapakuwa na mtu hata mmoja. Mlinzi, aliyekuwa akizunguka, akamwonyesha kwa kidevu.

"Mama, unasimamia nini jua lote hili la dirishani? Viti vile viko wazi."

"Vile si vyetu baba. Vile ni vya wasomi."

"Nani kasema?"

"Zimenishinda mimi. Kitabu nakiona, kitufe sijui wanakificha wapi. Nikabonyeza kila kona kama anayetafuta chawa. Nikasema basi, mimi na hizi zangu za kizamani tunaelewana."

Kijana aliyekuwa mbele yake akageuka. "Na wewe pia? Mimi nilidhani sijui kutumia."

"Kwani wewe si uko chuo?"

"Ndiyo maana sikuuliza," akasema yule kijana, na foleni nzima ikacheka, kila mtu akicheka kwa namna ya mtu aliyegundulika.

"Si mkaandike kwenye daftari?" mlinzi akauliza.

"Niandike nini?" mshonaji akasema. "Niandike mimi ni mjinga, sahihi yangu hii hapa? Nimeandika foleni. Foleni ndiyo kosa lao."

Kimya alikuwa anapiga deki hatua tatu kutoka pale. Aliacha kupiga deki. Maji yakaendelea kuchuruzika kutoka kwenye fagio la deki mpaka yakamlowesha kiatu. Daftari lote, kurasa tatu, liliwashtaki wazee wawili wa dirishani kwa sababu ndio peke yao waliokuwa wakifanya kazi. Kompyuta isiyokaliwa haina wa kuilalamikia.

Usiku ule alimtazama shangazi akivuta dawa yake kabla ya kulala, mara mbili badala ya moja, na kumsikia akiuliza kwa sauti ya kawaida kama ghalani wameshaweka hata feni. Kimya akafungua mdomo. Kisha akawaza: wataniuliza umejuaje. Akafunga mdomo, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Ijumaa saa tatu asubuhi mkokoteni ulikuwa umesimama mlangoni mwa chumba cha katalogi. Zimawasha alikuwa ameshachomoa waya wa namba sita. Lakini mkuu hakuwa akitazama mkokoteni. Alikuwa na karatasi nyingine, iliyopigwa chapa, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyelazimishwa kula kitu.

"Dada," akasema, "nilimwomba fundi anitolee orodha ya maagizo yote ya mwezi huu, niipeleke bodi. Yamefika mia moja na mawili. Katika hayo, ishirini na moja yametoka kompyuta namba tano kabla hatujafungua. Kila siku ya kazi, hata Jumamosi, moja. Na yote yamepita kwa kadi moja."

"Ya nani?"

Mkuu akampa karatasi.

Shangazi akavaa miwani. Akasoma namba ya kadi yake mwenyewe. Kimya, aliyesimama karibu na dirisha na kitambaa mkononi, aliona macho yake yakishuka taratibu kwenye majina ya vitabu, moja baada ya jingine: hesabu darasa la tano, hesabu darasa la tano kitabu cha pili, lugha darasa la sita, sayansi darasa la sita. Aliona pale yaliposimama. Shangazi hakugeuza kichwa. Alivua miwani, akaikunja, na kuitia mfukoni.

"Kadi ni yangu," akasema.

"Najua ni yako. Nataka kujua kama ulikuwa unajazia idadi. Bodi itasema hivyo. Watasema mkutubi aliona maagizo yanashuka, akawa anajiagizia mwenyewe."

"Basi waseme."

"Dada, nisaidie nikusaidie. Vitabu vya darasa la sita wewe ni vya nini?"

"Mtu mzima haruhusiwi kujikumbusha?"

Zimawasha akajifanya anakunja waya. Mkuu akaichukua karatasi yake. "Sawa. Mimi nimekuuliza. Jumatatu utaanza ghalani, na ukipata jibu jingine utanikuta ofisini. Fundi, toa hizo mbili."

Zimawasha akashika namba tano kwa mikono miwili. Mkono mwingine ukatua juu yake. Ulikuwa na kitambaa.

"Mbovu si hii," Kimya akasema.

Wote wakamtazama. Sauti yake haikuwa nyembamba wala nene. Ilikuwa sauti ya kawaida tu, ila ilikwama kidogo mwanzoni, kama bomba la maji lililokaa siku nyingi bila kufunguliwa.

"Umesema?" mkuu akauliza.

Badala ya kujibu alikikunjua kitambaa, akakitandaza juu ya meza. Asubuhi hiyo pia kilikuwa na rangi mbili. "Huku ni za mlangoni. Huku ni za dirishani. Kule hakai mtu. Kitufe hakipo."

"Kitufe kipo," Zimawasha akasema. "Jumanne nimekibonyeza mbele yako."

"Kwa jina lako la kazi."

Zimawasha akaiachia namba tano. Akaenda namba moja, na safari hii hakuingiza jina lake. Akafungua katalogi kama anavyoifungua mtu aliyetoka mtaani, akatafuta kitabu cha kwanza kilichomjia kichwani, akatazama. Akaenda namba mbili. Alipofika ya nne alikuwa amevuta kiti na kukaa.

"Wafanyakazi tuna ukurasa wetu," akasema, akiongea na mashine. "Haupiti kwenye skripti ya wasomaji. Mimi siku zote nimejaribu kwa mlango wa uani."

Akafungua skripti yenyewe, yaani yale maelekezo yaliyofichwa nyuma ya ukurasa, yanayoiambia kompyuta ionyeshe nini na ifiche nini. Ilikuwa imeandikwa zamani na fundi aliyeshahama kazi. Akashuka nayo mstari kwa mstari, midomo ikitikisika. Kisha akaegemea kiti na kucheka peke yake, cheko fupi lisilo na furaha.

"Tuambie na sisi," shangazi akasema.

"Kila kivinjari kina namba, mama. Kikisasishwa, namba inapanda. Aliyeandika hapa aliogopa vivinjari vya kale, vilikuwa vinaharibu maagizo. Akasema: nikiona namba ndogo kuliko arobaini, naficha kitufe. Sawa, hakukosea. Ila akasoma tarakimu mbili za mwanzo tu. Wakati ule namba zote zilikuwa za tarakimu mbili." Akagusa kioo cha namba nne. "Hiki kimefika mia moja na nne. Yeye anasoma kumi. Anaona kizee kilichotoka kaburini, anakifichia kitufe. Na zile za dirishani zimeganda themanini na sita, anaziona vijana."

"Na simu za watu majumbani?" mkuu akauliza polepole.

"Simu nyingi zinajisasisha zenyewe. Zimekuwa zikivuka mia, moja moja."

"Na hakuna aliyesema."

"Mtu akikosa kitufe kwenye simu yake, anailaumu simu."

Kulitengeneza kosa hilo hakukuchukua hata muda wa kunywa chai. Zimawasha alifuta ule mstari wote wa kuuliza namba. Akaandika mwingine usiojali kivinjari kinaitwaje wala kina umri gani, unaokijaribu tu kama kinaweza kutuma agizo. Kikiweza, kipewe kitufe. Akafungua ukurasa upya. Kwenye namba moja, mahali palipokuwa peupe, kitufe kikatokea. Kikatokea namba mbili, tatu na nne. Kisha, bila kuambiwa, akarudisha waya wa namba sita ukutani.

Mkuu alitazama kitufe kwa muda. Mtu aliyeomba kompyuta kwa miaka miwili hawezi kufurahi mara moja. "Nitawaandikia bodi leo," akasema. "Katalogi haikuwa na kosa." Kisha akainua tena ile orodha, na ikaonekana kwamba angependa kutoiinua. "Lakini hii bado iko, dada. Ishirini na moja. Wataiona."

"Nimeshakwambia kadi ni yangu."

"Kadi yake," Kimya akasema. "Aliyeagiza ni mimi."

Shangazi akageuka sasa, akamkazia macho. "Wewe mtoto, nani kakuuliza?"

"Ni mimi, shangazi. Na vitabu vyote nimerudisha."

Mlinzi alikuwa amesimama mlangoni, amevutwa na mkokoteni. Ndiyo kwanza aisikie ile sauti. Mkuu alisoma tena yale majina ya vitabu, kuanzia juu, kama shangazi alivyoyasoma. Hakutaja kanuni ya kitambaa, ingawa yeye ndiye aliyeiandika.

"Kwa hiyo hizi za mlangoni ulizijaribu," akasema mwishowe. "Uligundua lini kwamba kitufe hakipo?"

"Siku ya kwanza."

"Wiki tatu. Shangazi yako anakaribia kuzikwa ghalani, na wewe ulijua wiki tatu nzima. Kwa nini hukusema?"

Kimya akakichukua kitambaa mezani, akakikunja mara mbili, upande mweusi ukaingia ndani. Akaitazama namba moja, na kitufe chake, ambacho sasa kilikuwa pale kwa ajili ya mtu yeyote.

"Nilidhani imejua," akasema. "Nilidhani imejua kwamba niliishia darasa la tano."